Zamu Nzima ya Jabez Sugden

Jabez Sugden alikuwa na mabega ya maksai na masikio yaliyopondwa na skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega kwenye raga, na katika mji wa Hagthorpe, kule Yorkshire, baa ilipojaa, watu walisogea ili apate nafasi karibu na moto. Siku tano na nusu kwa juma alichimba makaa. Jumamosi alasiri alicheza raga.

Alianza mwaka 1893, enzi ambazo mchezaji aliyepokea hata senti alihesabiwa mhalifu. Miaka miwili baadaye klabu za kaskazini zilijitenga na mabwana wa kusini ili mchimbaji anayekosa zamu kwa ajili ya mechi afidiwe ujira wake. Lakini chama kipya nacho kiliogopa kulea wavivu. Kikatunga sheria: asiyefanya kazi yake juma zima hachezi. Beki mmoja wa Hagthorpe alilala nyumbani zamu moja kwa mafua, akafungiwa msimu mzima. Jabez hakulisahau hilo.

Mwaka 1901 Hagthorpe walifika nusu fainali ya kombe kwa mara ya kwanza. Jabez alikuwa na miaka thelathini na miwili, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsaliti. Alijua nusu fainali nyingine haitamkuta uwanjani.

Asubuhi ya Jumamosi ya mechi hiyo, yapata saa mbili na nusu, dari la mgodi lilimwangukia mzee Amos Haigh. Huyo ndiye aliyemfundisha Jabez kushika sururu. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Mtu akifa mgodini, kazi imekwisha siku hiyo. Haitolewi amri. Wanaume huweka zana chini, humbeba mwenzao, hupanda naye juu.

"Twende, Jabez," alisema Walter Tordoff, mwenzake wa mstari wa mbele kwenye skramu.

"Zamu haijaisha."

"Zamu gani tena? Mtu amelala pale!"

"Nikitoka sasa sichezi. Nawe huchezi, Walter. Sheria unaijua."

"Basi sichezi."

"Amos mwenyewe angenisukuma nikacheze."

"Amos hasemi kitu. Usimtie maneno mdomoni."

Ned Priestnall, winga wao, alikuwa ameshika miguu ya marehemu. "Mwache bwana mkubwa," alisema. "Ana kombe la kubeba. Sisi tuna huyu."

Wakaondoka. Jabez akabaki na sururu lake, na kila alipopiga, ukuta ulimrudishia mlio wake peke yake. Alijaza matoroli matatu ambayo hapakuwa na mtu wa kuyasukuma. Saa sita msimamizi alimwandikia cheti cha zamu bila kumtazama usoni.

Alikimbia hadi uwanjani akiwa na masizi shingoni. Aliposukuma mlango wa chumba cha wachezaji, aliwakuta Walter na Ned wamekaa, wanafunga kamba za viatu.

"Hiki hapa, bwana katibu," alimwambia Bwana Crowther, katibu wa klabu. "Zamu nzima."

Crowther akakisoma. "Cha nini?"

"Sheria."

"Jabez, mgodi ukisimama kwa msiba, mchezaji hana kosa. Meneja ameandika barua kwa ajili yenu wote watatu. Ninayo tangu saa nne."

"Mbona sikuambiwa?"

"Wenzako waliambiwa pale getini, walipopanda na marehemu."

Ned hakuinua kichwa. "Kumbe ulikuwa unachimba? Sisi tukadhani umebaki kumlilia mzee."

Hakuna aliyecheka.

Jabez hakuwahi kucheza vizuri vile maishani. Katika skramu, Walter aliyekuwa akimkumbatia begani kama ndugu alishika shati lake kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota tambara lenye uchafu. Dakika za mwisho Jabez aliburura watu wawili hadi akaweka mpira nyuma ya mstari. Trai hiyo iliwapa ushindi. Upande waliosimama wachimbaji, kofia zilibaki vichwani; hakuna aliyerusha yake juu kushangilia.

Jumanne alikwenda mazikoni, amevaa suti yake ya kanisani. Jeneza hubebwa na wanaume sita. Mjane wa Amos, Bi Sarah, alimzuia mlangoni.

"Wabebaji wametosha, mwanangu."

Jabez alitazama wabebaji nyuma ya mjane. Walikuwa watano.

"Mama, nilidhani sheria..."

"Najua ulichodhani. Hongera kwa ushindi."

Fainali aliicheza, wakashindwa. Septemba goti likagoma kabisa, na klabu ikamwandikia barua ya shukrani yenye mistari miwili. Mkewe, Edith, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Kisha akauliza aiweke wapi.

Jabez alikuwa anakula. Aliendelea kula.