Fundi wa Wodi ya Wanaume

Kabla hajawa muuguzi alikuwa fundi cherehani, na jina la kazi ya kwanza likamfuata hadi kwenye ya pili. Wagonjwa wa wodi ya upasuaji ya wanaume walimwita Fundi, wenzake walimwita Fundi, hata mfamasia akipiga simu alisema tu, "Nipe Fundi." Mwenyewe hakuona ubaya. Alisema aliyekwisha kumpima mtu kiuno anajua tumbo lake na aibu zake, kwa hiyo safari ya kutoka huko hadi kwenye uuguzi haikuwa ndefu kiasi hicho.

Kilichomtoa kwenye cherehani ni ugonjwa wa baba yake. Mzee alipatwa na kiharusi, akalala upande mmoja, na mgongoni kukatoka kidonda. Binti zake wakitaka kumwosha, alijifunika shuka hadi kidevuni. "Mimi ni baba yenu," aliwaambia, "si mtoto wenu." Mpaka siku moja kituo cha afya kikamtuma muuguzi mwanaume, mtu mnene mwenye sauti ya chini, akaweka beseni, akafunga mlango, akaanza kumuuliza mzee habari za mpira. Fundi alikuwa amesimama pembeni, ameshika taulo. Aliona baba yake anageuzwa huku anacheka. Tangu augue, mzee hakuwa amecheka.

Jioni Fundi akamwambia mkewe kwamba anarudi shule.

"Shule gani tena, mume wangu? Na ndevu zote hizo?"

"Ya uuguzi."

Mkewe alimtazama, akaona hatanii. "Basi cherehani nitaishika mimi," akasema, na kweli akaishika. Mama mkwe ndiye aliyepata la kusema. Kila alipokuja kuwasalimu aliuliza kama mkwe wake bado ameng'ang'ania mambo ya kubeba mabakuli ya wagonjwa. Fundi alimwamkia kwa adabu, akarudi kwenye vitabu vyake.

Siku ya kwanza kazini alifika na sare aliyojishonea mwenyewe, pasi imenyooka, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Sista mkuu wa wodi, mama mrefu aliyekuwa akikaribia kustaafu, sare hakuitazama. Alitazama miguu.

"Hivyo viatu ni vya kwenda kuposa?"

"Ni vipya, Sista."

"Kesho njoo na vya soli laini, vilivyofunikwa mbele, vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Hapa hatukai. Na sindano ikidondoka haibishi hodi. Umekula?"

"Sikuwahi, Sista."

"Basi rudi ukale. Nesi mwenye njaa anakosea hesabu za dawa, na mimi sina maneno ya kumwambia mama wa mtu kwamba mwanawe kapewa dozi ya njaa yako."

Ndivyo alivyofundisha, kwa mkato, huku anatembea. Wiki za mwanzo Fundi alikimbia huku na huku kama anayeuzima moto. Kitanda kimoja kikiita, alikiacha cha pili nusu. Sista mkuu akamshika kiwiko. "Wodi haiungui, mwanangu. Ukiingia zamu, zunguka kwanza. Mtazame kila mmoja usoni kabla hujafungua faili lake. Jua leo yukoje, ili akibadilika ujue amebadilika. Kisha uchague nani hawezi kusubiri." Kuhusu dawa hakuwa na mzaha: humpi mgonjwa dawa usiyojua inafanya nini, na kama hujui, uliza, hata kama umeuliza jana. Fundi aliuliza sana. Wapo waliomcheka, lakini walipokwama wao wenyewe walimwomba akawaulizie.

Katika kitanda cha dirishani alilazwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyekatwa kipande cha utumbo. Baada ya upasuaji wa namna hiyo wauguzi husubiri kwa hamu mgonjwa apitishe upepo, maana ndiyo dalili kwamba tumbo limeamka. Dereva hakutaka kuulizwa hivyo mbele za watu, kwa hiyo yeye na Fundi wakawa na lugha yao.

"Vipi, Dereva, umepiga honi?"

"Bado, Fundi. Injini inanguruma, lakini honi imekwama."

Wodi nzima ilikuwa ikisubiri honi ya Dereva.

Alasiri moja, muda mfupi baada ya wageni kuondoka, Fundi alipita akauliza kama kawaida. Dereva hakujibu. Aligeuza tu kichwa kwenye mto, akavuta shuka, akaisukuma tena, akaomba maji. Mwenzake Fundi, aliyekuwa akipanga vitanda vya upande wa pili, akasema, "Mwache, wageni wamemchosha." Fundi hakuridhika. Alimshika mkono akakuta ngozi ya baridi, imeloa jasho. Mapigo yalikuwa yakienda mbio. Presha ilikuwa imeshuka, lakini kidogo tu, kiasi cha mtu kujiambia kwamba labda ni kipimo.

Akasimama pale na kipimo mkononi, mawazo yanampanda. Angekwenda kusema nini? Kwamba mgonjwa hajatania? Angekuwa kichekesho cha wodi. Akapiga moyo konde, akamwendea Sista mkuu.

"Sista, presha si mbaya sana, lakini Dereva wa leo si yule wa asubuhi. Hatulii, mapigo yamepanda, mikono ya baridi. Sipendi ninavyomwona."

Sista mkuu hakucheka. Alikwenda, akamgusa Dereva paji la uso, akabonyeza tumbo taratibu, akaliona gumu. Akageuka. "Mpigie daktari."

"Mimi?"

"Aliyeona ni nani?"

Fundi akainua simu ya mezani, na ulimi ukawa mzito. "Samahani, daktari, sijui kama nakusumbua, kuna mzee huku, yaani anaonekana... ingawa presha siyo kwamba..."

"Mzee yupi? Wodi gani? Naongea na nani?" ikauliza sauti ya upande wa pili.

Sista mkuu akanyoosha kidole, akakata simu.

"Sista!"

"Umeomba radhi, hujasema kitu. Vuta pumzi. Sema wewe nani, mgonjwa nani, alifanyiwa nini, umeona nini, unataka nini. Halafu nyamaza, umsikilize."

Fundi akapiga tena, na safari hii sauti ilitoka kama ya mtu anayejua anakokwenda. "Daktari, mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Yule dereva uliyemkata utumbo juzi, mapigo yake ni mia na thelathini, asubuhi yalikuwa themanini. Presha inashuka. Ana jasho la baridi, hatulii, tumbo limekuwa gumu. Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje umwone sasa hivi."

"Nakuja," akasema daktari. "Weka dripu ya pili, iende haraka. Mpe oksijeni. Chukua damu ya kupima kundi, na asinywe kitu."

Fundi alishika mkono wa Dereva, akautafuta mshipa. Sindano iliingia mara moja. Dereva akafumbua macho. "Fundi, usiniache njiani."

"Niko hapa. Tulia hivyo hivyo."

Daktari wa upasuaji, mwanamke kijana anayetembea haraka, alifika bado ana kofia ya chumba cha upasuaji. Alimpima mara moja tu, akasema kitanda kitoke. Walikisukuma wote, yeye mbele, Fundi kwenye magurudumu ya nyuma. Kumbe mshipa mmoja mdogo ulikuwa umefunguka ndani ya tumbo.

Dereva alipokuwa mezani akipasuliwa tena, binti yake akaja mbio, ameitwa na jirani. Fundi alitamani kumwambia baba yake atapona, maneno yalikuwa mdomoni tayari. Badala yake alivuta kiti, wakakaa.

"Kaka, niambie ukweli. Atapona?"

"Sijui, dada yangu. Ninachojua ni kwamba amefika mezani mapema, na damu ya kumwongezea ipo. Habari yoyote itakayotoka mle ndani, nzuri au mbaya, nitakuletea mimi mwenyewe. Hutaisikia koridoni."

Akaitimiza ahadi hiyo. Alipotoka daktari, Fundi alimfuata dada yule kwenye benchi akamwambia baba yake yuko hai na damu imekoma. Kisha akaingia stoo ya mashuka, akaegemea rafu, mwili wote ukitetemeka. Sista mkuu alimkuta huko.

"Tetemeka," akamwambia. "Sasa ndiyo saa yake. Ukimaliza kanawe, ule kitu, na ukifika nyumbani mweleze mkeo. Usilale nayo."

Siku chache baadaye, madaktari wakiwa kwenye mzunguko wao wa asubuhi, honi ya Dereva ikalia, ndefu, isiyo na aibu. Wodi nzima ikapiga makofi. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Dereva alirudi kwake kwa miguu yake. Sista mkuu alistaafu mwaka uliofuata, na wodi ikakabidhiwa kwa Fundi. Kila mwajiriwa mpya hupita kwanza mikononi mwake, na huwa anawaambia mapema kwamba hapa hakuna anayefukuzwa kwa kuuliza.

Karibuni alimpokea binti mmoja mwepesi wa mikono, aliyemaliza chuo juzijuzi. Adhuhuri binti alimjia macho yamemtoka. Alikuwa amempa mgonjwa kidonge cha jirani yake wa kitanda cha pili.

"Umejuaje?"

"Nimesoma jina tena baada ya kumpa. Hakuna aliyeniona, lakini nimekuja."

"Umefanya vizuri kuja. Twende."

Wakaenda pamoja. Fundi alimpima mgonjwa, akampigia daktari mbele ya binti, akaeleza kilichotokea bila kukipaka sukari, kisha wakamweleza mgonjwa mwenyewe. Dawa ilikuwa ya maumivu, haikumdhuru. Mgonjwa akasema basi leo atalala vizuri kuliko jirani. Binti bado alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jina utalisoma kabla," Fundi akamwambia, "na utamwomba alitaje mwenyewe kwa mdomo wake. Haya, kidonda chake bado hakijafungwa. Nani ataenda?"

"Nitakwenda mimi," binti akasema, akavuta toroli la vifaa, akaanza kwa kumuuliza yule mgonjwa jina lake.