Jina Nililolifuta

Asubuhi ile Asukile alikuwa ameanika soksi zake kwenye kamba ya hema langu la ofisi, bila kuniomba ruhusa. Kambi yetu ilikuwa pembezoni mwa msitu wa milimani huko Kenya, na baridi yake ilinikumbusha Mufindi. Yeye alitoka Tukuyu, mimi Iringa. Kila siku alinisalimu kwa Kihehe nami nikamjibu kwa Kinyakyusa, na kila mmoja akamcheka mwenzake kwa matamshi.

"Kamwene, karani."

"Ugonile. Soksi zako zinadondokea karatasi za serikali."

"Ziache ziloe. Nani anazisoma?"

Nilikuwa karani kwa sababu mapadri wa Tosamaganga walinifundisha Kiingereza na kupiga taipu. Ilikuwa miaka ya hamsini, na wengi wetu pale tulikuwa watu wa Tanganyika tuliopelekwa kwenye vita visivyo vyetu. Asukile hakujua kuandika, hivyo barua za kwenda kwa mkewe, Tumpe, niliziandika mimi. Nilimfahamu shemeji yule kabla sijamwona: nilijua anavyocheka, nilijua anaogopa radi.

Mchana kapteni aliagiza doria, nami nifuatane nao kuandika yatakayopatikana. Mbele alitangulia mzee wa kijiji cha jirani aliyetuonyesha njia, akichechemea mguu wa kushoto. Watu wa msituni, wale tuliopelekwa kupigana nao, walikuwa wamemchukua mwanawe, ndiyo maana alikubali kutuongoza. Njiani alinimegea kiazi kitamu cha kuchoma. Jina lake silitaji hata leo.

Tulifika mtoni. Ng'ambo palikuwa pamepigwa marufuku. Amri niliyoipiga taipu kwa mikono yangu ilisema yeyote atakayeonekana huko apigwe risasi.

Vichaka vya ng'ambo vilitikisika.

"Msipige," mzee alisema. "Ni wanawake wa kwetu. Wanatafuta kuni."

Kapteni alimsikia. Nilimwona akigeuka kumtazama.

Akatoa amri.

Asukile alipiga.

Wanawake wawili walianguka. Wa tatu alibaki amesimama na mzigo wake mgongoni. Kisha naye akaanguka.

Jioni sajini wetu, aliyekuwa nasi kwenye doria, alitoa maelezo yake bila kuficha kitu, nami nikayapiga taipu kwa Kiingereza: aliyetoa amri, aliyepiga, na maneno ya mzee. Kesho yake kapteni aliisoma ripoti ile, akaichana, akanisomea nyingine niiandike. Hiyo ya pili ilisema waliouawa ni magaidi watatu wenye silaha. Iligongwa muhuri wa siri, kama ile ya kwanza na nakala yake zilivyogongwa jana yake. Lakini nakala ya kaboni ya ile ya kwanza kapteni hakuiulizia. Niliikunja, nikaisukuma ndani ya jalada la kitabu changu cha sala.

Asukile hakula kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja kukaa karibu na meza yangu.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ilivyokuwa?"

"Ilivyokuwa. Na jina lako limo."

"Itunze, karani."

Wiki chache baadaye alipigwa risasi akiteka maji. Lori la wagonjwa lilichelewa. Nilimshika mkono mpaka ukawa mzito, kisha nikarudi hemani kuandika barua ya mwisho kwa Tumpe.

Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi Iringa, nikahamia Mbeya kutafuta kazi. Huko nilikutana na Mwalimu Gidioni, aliyeacha kufundisha akaanzisha gazeti dogo la Kiswahili. Alilitoa kwa mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, na madereva wa malori walilifikisha Arusha na ng'ambo ya mpaka. Baada ya miezi mingi ya kusitasita, nilimwonyesha ile nakala.

Aliisoma mara mbili. "Hii ni siri ya jeshi, Yustino. Tutafungwa."

"Najua, Mwalimu."

"Kufungwa ni kwetu sisi wawili. Je, hawa wengine waliotajwa humu?"

Swali hilo lilinipeleka Tukuyu. Tumpe alikuwa akichambua maharage barazani. Nilimsomea ukurasa wote, nikitafsiri polepole, bila kuruka mstari. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Hao wanawake walikuwa na watoto?"

"Sijui, shemeji. Hatukuuliza."

"Mwenyewe alisemaje kuhusu karatasi hii?"

"Aliniambia niitunze."

"Basi liacheni jina lake. Mwenyewe hakulificha." Aliponisindikiza alinifungia ndizi za njiani, akanishukuru kwa lugha yao, "Ndaga, shemeji. Umekuja kwangu kwanza."

Alibaki yule mzee aliyetuongoza. Mimi nilitaka tumwondoe kabisa. Mwalimu alisema tukiyaondoa maneno yake, watajibu kwamba askari hawakujua ni wanawake, na yote yataishia hapo. Alisema kweli. Kwa hiyo nililifuta jina, nikafuta na kijiji. Niliandika tu "mzee mmoja anayechechemea, aliyewaongoza," kwa kuwa ndivyo ripoti ilivyosema, nami nilijivunia kwamba tafsiri yangu haikupunguza neno jingine.

Gazeti lilitoka. Polisi waliichukua mashine. Mwalimu alifungwa miezi sita, mimi minne. Kapteni alihamishwa, basi. Lakini maswali yaliulizwa na wakubwa, na baadaye wanawake wa kule walipewa siku zao za kuvuka mto kuokota kuni. Hilo lilitokea kweli, na walio hai kwa sababu yake siwezi kuwahesabu.

Nilipotoka gerezani, dereva mmoja aliniletea salamu za yule sajini. Gazeti lilikuwa limewafikia watu wa msituni. Katika vijiji vile mzee anayechechemea alikuwa mmoja tu. Majirani walimkuta langoni kwake amekufa, amekatwa mapanga.

Mwalimu alipoachiwa nilimwambia. Alivua miwani. "Na mimi nililisoma neno lile, Yustino. Nikalipitisha." Alitaka kunipunguzia mzigo. Nilimshukuru, lakini haukupungua.

Nilikwenda tena Tukuyu, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia. Tumpe hakunifariji wala hakunilaumu. Aliniuliza jina la mzee. Nikamtajia, yeye peke yake. Akainamisha kichwa, akamwombea kwa Kinyakyusa, akilitamka jina lile geni taratibu ili asilikosee, na baada yake akamwombea mumewe. Kisha akanitengea chakula, akakaa nami mpaka nikala.

Sasa mimi ni mzee. Wajukuu waliosoma huniuliza kama ningeuchapisha tena ukurasa ule. Huwajibu kwamba ningeuchapisha. Wale wanawake watatu hawakuwa magaidi, na Asukile aliomba ripoti itunzwe. Lakini kabla ya kuutoa ningeusoma mara moja zaidi, si kama karani wala mfasiri. Ningeusoma kama mtu anayemtafuta yule mzee ili amuue.