Kola Yenye Uzi Mwekundu
Vita viliposimamisha treni, jirani yetu, karani wa stesheni, alipunguzwa kazini, lakini hakumwambia mkewe mgonjwa. Kila asubuhi alitoka na shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, akavuka mto kwa mtumbwi. Siku moja, huko ng'ambo, nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Mwendeshaji alikuwa ameshusha kofia hadi machoni, ila kola yake ilishonwa kwa uzi mwekundu niliompa mkewe. Nikamtambua. Niliposhuka, alisema akitazama gurudumu: "Mama Sifa, usimuambie. Anajua niko ku biro ya stesheni." Jioni alipita mlangoni kwangu, akanisalimu kama kawaida. "Pole na kazi, karani!" nilijibu kwa nguvu, mkewe asikie. Akainamisha kichwa.