Mwezi Ule Mabuu Walinenepa

Vita vikikaribia Goma, watu husikiliza redio. Wengine huwauliza madereva wa malori, wengine huchungulia kama wake wa wakubwa wameanza kupanda boti za Bukavu. Mimi nilikuwa na njia yangu: nilifungua magunia ya takataka. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima, na sina budi kuanza na hilo kwa sababu mabaya yote yalianzia hapo.

Nilikuwa mfugaji wa nzi. Cheka ukitaka, wote walicheka. Si nzi wa chooni anayetua kwenye chakula, bali nzi mweusi mwembamba ambaye wataalamu humwita nzi askari. Akishakuwa mkubwa hali kitu, haumi, wala hana habari na jikoni kwako. Anaishi siku chache za kupandana na kutaga, basi. Mlaji ni buu lake. Lipe maganda ya ndizi, majani ya kabichi, ugali uliochacha, litakula mchana na usiku majuma mawili mpaka linenepe, nawe utalikausha na kuliuzia watu wa kuku. Kinachobaki chini ya pipa ni mbolea nyeusi, na katika mji uliokaa juu ya mawe ya volkano, mbolea ndiyo udongo wenyewe.

Nilifugia nyuma ya nyumba yetu ya Keshero. Nilishona vyandarua vikawa vizimba, nikavitundika mahali jua linapofika asubuhi, kwa maana nzi hao hawapandani bila jua. Ndani niliweka vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, kwa sababu jike hupenda kutaga kwenye nyufa. Mapipa ya mabuu yalikaa chini ya mabati. Ukiinamia pipa lenye chakula ulisikia mchakacho mdogo usiokwisha, kama manyunyu juu ya migomba. Mke wangu alisema sauti ile inamtia baridi, akanikataza kuingiza hata buu moja ndani ya nyumba.

Chakula chao kilitoka sokoni. Wauza mboga waliniwekea majani ya nje ya kabichi, viazi vilivyooza, karoti zilizovunjika, nami nikavisomba kwa chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, niliyoikodi pamoja na dereva wake. Karibu vyote vilitoka milima ya Masisi na kupitia Sake, kwa barabara ya magharibi. Kazi ya kuchambua niliifanya na mzee mmoja aliyekimbia milima hiyohiyo. Ng'ombe wake walichukuliwa wote, na sasa yeye na mkewe walikuwa wanalala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi ya Lac Vert. Alikuja kwa miguu kila asubuhi. Siku ya kwanza alipotia mkono ndani ya pipa alisema alizoea kujua idadi ya mifugo yake, lakini hapa Mungu amemzidishia mpaka amepoteza hesabu. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Katika kuchambua ndipo nilipojifunza kusoma barabara. Mapigano yakianza upande wa Sake, majani yalikoma ndani ya siku mbili. Magunia yalikuja na maganda ya ndizi na vichwa vya sambaza, vile vidagaa vyetu, vitu vya ziwani, na mabuu wakadumaa. Barabara ikifunguliwa, kabichi zilirudi kabla redio haijasema neno. Gunia likiwa jepesi, hatari. Gunia likiwa zito, amani. Majirani walianza kuja kuniuliza, kwanza kwa utani, baadaye bila utani, nami nilijibu huku nimekunja mikono kifuani kama daktari.

Lakini aliyeniuliza kwa moyo wote alikuwa mama yangu. Alikuwa mjane, na alikuwa bado juu ya kilima chetu nyuma ya Sake, na shamba lake la maharage. Nilimsihi mara nyingi aje kuishi nasi. Alinijibu kwamba Goma ni mawe, na yeye hawezi kukaa mikono mitupu akisubiri mkwe wake ampakulie. Basi tulipatana. Kila Jumamosi atapanda mahali penye mtandao anipigie simu, nami nitamwambia ashuke au abaki. Mara ya kwanza nilimwambia ashuke, akashuka, na siku ya tatu barabara ikafungwa nyuma yake. Mara ya pili ikawa vilevile. Alikaa kwetu mpaka mambo yakatulia, akarudi kulima. Kanisani kwao alitangaza kwamba yeye hababaishwi na uvumi wa watu, ana mtoto Goma anayejua. Nilipoambiwa hivyo kichwa kilinivimba kweli.

Kisha ukaja mwezi ule. Malori ya askari yalikuwa yanaenda Sake yamejaa na kurudi matupu. Kule Lac Vert mahema mapya yaliongezeka, mzee akaniambia sasa anaruka kamba za mahema mpaka achoke kabla hajafika barabarani. Asubuhi nyingine, kukiwa shwari, tulisikia ngurumo ambayo haikuwa ya radi, mbali sana, na mzee akaacha kuchambua mpaka ikakoma. Hata mteja wangu mkubwa, mama mmoja wa Majengo ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara, alikataa mabuu niliyompelekea. Alikuwa anauza kuku wake wote, hata wanaotaga. Nilirudi nyumbani nikimsema kwamba woga umemla akili.

Nilikuwa na sababu ya kumcheka, maana magunia yangu yalikuwa hayajawahi kuwa mazito namna ile. Sokoni mboga zilikuwa zimerundikana mpaka njia hazipitiki. Wauzaji walishindwa kuzimaliza, zikaoza mikononi mwao, wakaniita wao wenyewe nije kuzitoa. Dereva wa chukudu alienda mara tatu kwa siku. Nilinunua mapipa mengine manne. Mabuu walinenepa, wakawa wazito mkononi, na wale waliokomaa wakageuka weusi na kupanda kingo za mapipa kwa wingi nisiowahi kuuona. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilijiambia kwamba redio wanatia chumvi, kwamba barabara haijawahi kuwa nzuri kama sasa.

Asubuhi moja mzee hakumwaga gunia lake kwenye pipa. Alilimwaga chini, juu ya mawe, akaanza kutenga vitu pembeni. Aliniita. Alikuwa amepanga viazi vidogo, vya ukubwa wa yai la njiwa, ngozi yake ikiwa bado inachubuka kwa kidole. Kando yake kulikuwa na kabichi ambazo hazijafunga, na mashina ya maharage yaliyong'olewa na mizizi yake, maganda yakiwa mabichi na bapa.

"Papa, hii viazi haiyakomaa," akasema. "Mutu anachimbua viazi ya namna hii wakati anajua mwezi yenye kuja hatakuwa kwake."

Nilikuwa na haraka, na mbele ya dereva wa chukudu sikupenda kufundishwa kazi yangu. Nilimwambia kwamba yeye anajua ng'ombe, magunia aniachie mimi. Nilimwambia pia kwamba mabuu hawajali kiazi kimekomaa au hakijakomaa. Dereva akacheka. Mzee aliinama, akaviokota vile viazi kimoja kimoja na kuvitia kwenye pipa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mama akapiga simu. Upepo ulikuwa mwingi huko juu, na sauti yake ilikuja na kupotea. Aliniambia watu wa kilima wanaondoka, familia kwa familia, kwamba mashamba ya jirani yamevunwa mabichi, na yeye maharage yake yanahitaji juma moja tu yakauke. Sasa ninapoandika naona kwamba alikuwa ananiambia kilekile alichoniambia mzee. Siku ile nilisikia juma moja tu.

"Mutoto wangu," akauliza, "nishuke ao nibakie?"

Niligeuka nikatazama magunia yaliyoegemea ukuta. Yalikuwa manane, na mengine yalikuwa njiani.

"Bakia, mama," nikasema. "Barabara iko muzuri. Vuna kwanza."

Akashukuru. Alisema nimemwondolea mzigo, kwa sababu maharage ya mwaka ule yalikuwa mazuri na roho ilimuuma kuyaacha. Kisha mtandao ukakatika.

Jumatatu sokoni hapakuwa na jani. Sisemi palikuwa na machache, hapakuwa na hata moja. Wauza mboga walikaa mbele ya meza tupu wakitazama barabara ya magharibi, na waliponiona na magunia yangu wakageuza nyuso. Nilielewa papo hapo, nimesimama na gunia tupu begani. Kilichojaza mapipa yangu hakikuwa mavuno. Kilikuwa shamba zima la Masisi linang'olewa na watu wanaokimbia, likiuzwa kwa bei yoyote ile. Magunia hayakunidanganya hata kidogo. Mimi nilipima uzito tu, sikuangalia kilichomo. Nilipiga simu ya mama pale pale, haikuita. Nilipiga tena na tena mpaka betri ikaisha.

Jumanne ngurumo zilikuwa karibu, madirisha yakalia. Watu walianza kuingia kutoka Sake na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto wamefungwa kwa kitenge kifuani na mgongoni. Nilitaka kwenda upande ule. Askari walinirudisha penye kizuizi, kisha wakanirudisha tena. Mapipa yalinyamaza. Mabuu wenye njaa waliacha chakula kilichokwisha, wakatoka na kutambaa juu ya mawe, wakafika mpaka kizingiti cha jikoni, na mke wangu akawafagia.

Tangu siku hiyo nilienda Lac Vert kila siku. Mzee ndiye aliyenitembeza. Alijua nani ametoka kilima gani, na kwa kila kundi jipya aliuliza kwa upole, kwa Kihunde au kwa Kinyarwanda, huku mimi nimesimama nyuma yake. Hakunikumbusha maneno yake hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Siku ya sita tukampata mwanamke aliyekuwa anakoka moto mbele ya turubai lililokuwa bado na mikunjo. Alikuwa ameolewa kwenye kilima chetu baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo hakunijua. Mzee akamwuliza habari za mama mmoja mjane, mwenye shamba la maharage chini ya kanisa. Akamjua mara moja. Akasema walipitia kwake asubuhi wakiwa wanakimbia, risasi zikiwa tayari bondeni, wakampigia kelele aache vitu aje.

"Alikatala," akasema. "Alituambia mutoto wake wa Goma ndiye anajua mambo ya barabara, na alisema abakie. Tulimuacha mu shamba, anang'oa maharage."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akiendelea kupuliza moto. Alisema pia kwamba walipofika bondeni waligeuka na kuona moshi pale pale walipomwacha, na hakuna aliyekuja baada yao. Kisha akainua macho, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, pengine kwa sababu nilikuwa nimeshika mti wa turubai na turubai lote lilikuwa linatikisika. Akaniuliza mimi ni nani wake.

Nilimwambia mimi ni mnunuzi, nilikuwa nanunua maharage kwake. Mzee alikuwa kando yangu na alisikia. Akaniambia twende, kuna wengine wamefika upande wa juu, tukawaulize.