Mtangazaji Aliyehamia Kibuye

Yule mama muuza mitumba wa soko la Kibuye hukohoa kidogo kabla ya kuita wateja, na mkono wake hupanda sikioni kushika hedifoni ambayo haipo tena. Alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya kijamii kando ya ziwa, mpaka wafadhili walipoondoka, mtambo ukaharibika, na michango ya makanisa ikashindwa kununua kipuri. Juzi mteja mmoja aliyekuwa akichagua blauzi aliitambua sauti yake, akamgeukia. "Mama, si ni wewe ulikuwa unatusalimia redioni asubuhi? Hebu salimia dada yangu Lornah, ako Pap Onditi." Muuzaji alitazama huku na huku, kisha akaliinamia rundo la nguo. "Lornah wa Pap Onditi, popote ulipo, dada yako anakusalimu." Akanyamaza, kama zamani studioni, kungoja wimbo ufuate salamu.