Jiwe la Mama Kwenye Mzani wa Kiwanda

Kwa miaka kumi na tisa nilitengeneza mizani ya watu, na katika miaka yote hiyo sikuwa na bosi. Nyumbani kwangu ni Nyanga, pembeni mwa mji wa Bukoba, lakini kazi ilinipeleka kila mahali panapopimwa kitu: maduka ya mjini, bandarini Kemondo, vituo vya kupokelea kahawa huko Muleba. Kila mwanzo wa msimu wa kahawa nilikuwa na desturi yangu moja. Nilisimama mbele ya wakulima na magunia yao, nikaweka juu ya mzani jiwe langu la chuma la kilo ishirini, halafu nikamwita yule mwenye kelele kuliko wote aje alinyanyue, aligeuze chini juu, aliweke kwa mkono wake na kusoma namba mwenyewe. Akishasoma, foleni ilianza kwenda.

Si jiwe waliloliamini. Mhaya ana akili ya kutosha kujua kwamba hata jiwe linaweza kutobolewa tumboni. Waliniamini mimi, kwa sababu walikuwa wakisema, "Huyu si wa mtu." Leo nilifanya kazi ya mwenye kiwanda, kesho ya chama cha wakulima, keshokutwa ya mwenye duka, na hakuna aliyeweza kuniambia cha kusema. Nililipenda neno lile. Lilinivimbisha kichwa, na sioni sababu ya kuficha.

Kisha Novemba moja, njia ikiwa utelezi mtupu, pikipiki iliniangusha kwenye mteremko nikitoka Muleba, na lile jiwe la kilo ishirini nililokuwa nimelifunga nyuma likaniangukia mguuni. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Jiwe lililonipa jina ndilo lililonilaza, na anayetaka kucheka acheke.

Nilikaa ndani miezi mitatu. Wiki ya kwanza wateja walipiga simu kunipa pole. Wiki ya pili walipiga kuuliza nitapona lini. Baada ya hapo simu ilinyamaza, nikasikia kuna fundi kutoka Mwanza anazunguka kwenye vituo vyangu. Sikuwalaumu, kahawa haimngoji mgonjwa. Lakini niliumia, na si mguuni tu.

Mteja mmoja tu ndiye aliyekuja kuniona, mzee mwenye kiwanda cha kukoboa kahawa Kemondo. Anatoka katika zile familia za Kihindi zilizofungua maduka Bukoba tangu enzi za babu zao. Wengi wameshaondoka, yeye amebaki, na Kihaya chake kinakishinda cha watoto wangu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akautazama mguu wangu, kisha akaniambia anataka kuniajiri moja kwa moja. Ningesimamia mizani yote ya kiwanda na ya vituo vyake. Ningepelekwa kwa gari. Ningekuwa na likizo, na bima ya afya ambayo ningeweza kumwandikisha hata mama yangu. Sharti lilikuwa moja, nisiguse tena mzani wa mtu mwingine. Nilitafuta mahali pa kulipinga hilo, sikupaona.

"Fikiria, fundi," alisema akiinuka. "Nakupa Kwaresima nzima."

Nilifikiria kwa hasira. Nilitamani sana yule mzee awe mwizi, maana mwizi ningemkataa nikiwa nimelala hapohapo kitandani, tena kwa maneno makali. Lakini nilimjua. Siku moja nilimkuta na mizani miwili mibovu, mmoja ukimpunja yeye na mwingine ukiwapunja wakulima, akaamuru yote miwili irekebishwe kabla gunia lingine halijapokelewa. Hakunipa pa kushika.

Mke wangu yeye alishaamua. Ndiye aliyekuwa akinishika bega kwenda chooni, na kulima peke yake kile kibanja chetu kidogo nyuma ya nyumba. Nilipomweleza habari ya jina langu, na jinsi watu watakavyonitazama, aliacha kumenya ndizi.

"Baba watoto," alisema, "hilo jina, tangu ulale hapa, limekuletea hata kikombe cha uji?"

Nilichukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya. 

Nilipoweza kutembea kwa gongo nilikwenda Kagoma kwa mama. Mama ni mjane, anaishi na migomba yake na mibuni yake, na presha inamsumbua. Mara mbili ameshaanguka shambani. Alinikaribisha kwa akamwani, zile kahawa kavu tunazotafuna tukipokea mgeni, tukakaa mlangoni. Karibu na miguu yetu lilikuwepo jiwe la mtoni lenye namba tano ya rangi nyeupe. Nililipima mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, kilo tano kamili, nikampa ili akitaka kuujaribu mzani wa mtu yeyote aujaribu. Hakuwahi kulipeleka popote. Alilitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Nilimweleza yote. Akatafuna, akaniuliza mguu unaumaje wakati wa baridi, akatafuna tena.

"Kwa hiyo utakuwa wa mtu," alisema.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia habari ya bima, nikamkumbusha benchi la hospitali alilokalia kutwa nzima siku ile alipoanguka, nikamwambia heshima ya watu haitibu presha. Naona aibu nikikumbuka nilivyomfokea mama yangu kwenye mlango wake mwenyewe. Aliningoja nimalize.

"Waitu, mwana wange," alisema kwa Kihaya kile cha kubembeleza, "mimi sijakukataza."

Wiki ya baada ya Pasaka nilikwenda Kemondo nikasaini. Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Nilikuwa nimechoka, na nilipotoka nje nililala usingizi kwenye gari la kiwanda mpaka Bukoba.

Msimu ulipofunguliwa walinipeleka kituo cha Kagoma, nimevaa shati lenye nembo ya kiwanda. Nilishusha jiwe langu, lilelile, nikaliweka karibu na mzani, nikamwita mwenye kelele wa mwaka huo aje. Alikuwa jirani wa mama, mtu aliyewahi kunibebea vifaa vyangu kwa hiari yake. Alilitazama shati kwanza.

"Weka tu mwenyewe," alisema. "Sasa si mko pamoja."

Hakuna mwingine aliyesogea. Nililinyanyua peke yangu, mguu ukiniuma, nikasoma ishirini kwa sauti. Mzani ulikuwa sawa kabisa. Walitazama pembeni.

Mama alikuwa wa tatu kwenye foleni. Magunia yake yalikuja kwa baiskeli ya jirani, na yeye alikuwa na kikapu kichwani. Nilidhani ameniletea ndizi za mchana. Alikishusha, akatoa lile jiwe la mlangoni, akaliweka juu ya mzani wangu mbele ya watu wote. Tano. Hata gramu haikuzidi.

Aligeuka akawaambia kwa Kihaya kwamba mzani huu haudhulumu. Foleni ikalegea, watu wakaanza kuzungumza, magunia yakasogea. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba mama amelibeba jiwe lile njia yote ile, na presha yake, ili aniokoe.

Nilimpimia magunia. Kisha nikatoa mfukoni kadi yake ya bima, iliyotoka wiki ileile. Aliitazama picha yake, akanishukuru, akaitia kikapuni, na juu yake akarudisha jiwe.

"Liache hapa, mama," nilimwambia. "Ni zito. Nitakuletea jioni."

"Hapana," alisema. "Kesho nina gunia jingine, nitaujaribu mzani tena."

Hakulisema kwa hasira. Alijitwika kikapu chake, akashika njia ya nyumbani.