Siku Mama Alipoingia Uwanjani

Goti langu la kulia likianza kulia, wanangu hucheka. Wanasema, kwa Kiingereza chao, kwamba mama yao ni mlango wa zamani. Nawaambia chekeni tu. Goti hili limeruka misimu sita Australia, tena kwa mshahara, na nyinyi hata kupanda ngazi mnanung'unika!

Nilikuwa mrefu tangu shule. Kila harusi, ukifika wakati wa picha, mama alinivuta mtandio: "Inama, mwanangu, inama. Utawafukuza wachumba." Yeye mwenyewe, mzaliwa wa Unguja, alinifika kwapani. Basi nikainama. Niliinama miaka mingi hata mgongo ukazoea, na iliniuma, sitaki kudanganya.

Tulikuwa tunakaa Hayes, London, nami nilifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Sikuhitaji ngazi kushusha maboksi ya rafu ya juu. Mfanyakazi mwenzangu, mwanamke wa Kiaustralia, mfupi kama kinu, alinitazama wiki nzima, kisha akaniuliza Jumamosi nina shughuli gani. Ndivyo nilivyoingia kwenye timu ya wanawake aliyoichezea na Waaustralia wenzake, na kwenye mpira wa kwao, mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu. Wakanipa nafasi wanayoiita raki. Refa anaudundisha mpira chini, unapaa, warefu wawili wanaruka, na anayeufikia kwanza anaupiga kwa kiganja uwaangukie wenzake. Mara ya kwanza maishani mwangu watu walinipigia kelele nipande juu zaidi. Wallahi, nililia ndani ya basi nikirudi nyumbani.

Msimu wa tatu timu moja ya kulipwa kutoka Australia ikanitaka. Mkataba ukaja, nijibu kabla ya Jumatatu. Mama aliposikia akaweka mwiko chini.

"Australia? Kwenda kupigana viwiko na wanawake wenzio? Radhi zangu huna."

Kwetu ukishaambiwa hivyo, umekwisha. Kuna watu wangepanda ndege vivyo hivyo. Mimi bila radhi ya mama nisingethubutu kupanda hata treni ya kwenda Harrow, hapo jirani. Na nilikuwa naitaka safari ile, niliitaka hadi usingizi ukanikimbia. Nikamwomba kitu kimoja tu: aje Jumamosi aone kwa macho yake, kisha akatae.

Akaja. Koti la baridi juu ya buibui, chupa ya chai ya tangawizi mkononi, uso ameukunja. Siku hiyo niliruka kama sijawahi kuruka. Kila mpira niliufikia mimi, na kila mara yule mfupi wangu wa ghalani aliudaka akatoka nao mbio, mara mbili akafunga. Watu wakampigia makofi yeye. Kwa pembe ya jicho nilimwona mama ameinuka.

Mechi zile za bustanini, kila robo ya mchezo ikiisha, ndugu na jamaa huruhusiwa kuingia uwanjani. Mama alikuja moja kwa moja, tena si kwangu. Alimwendea mfupi.

"Wewe! Huna haya? Mwanangu anaruka, anapigwa viwiko, halafu unakula wewe! Mpe na yeye mpira wake!"

Yote kwa Kiswahili, kidole puani mwa mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenzangu akaniuliza ametukanwa nini, nami nikamfasiria, sikuficha hata neno. Hakucheka.

"Mwambie bila wewe mimi sina mpira," akasema. "Unachokishusha wewe ndicho tunachokula sote."

Nikamfasiria mama. Sasa mama yangu ni mpishi wa harusi. Waswahili wangapi wa London wameoana kwa biriani lake sijui, lakini sijawahi kumwona amekaa na wageni akila. Alinitazama pale nilipo, jasho linanitoka, mdomo umevimba.

"Kumbe wewe ndiye mpishi," akasema. Halafu hasira ikamrudia. "Basi si ungeniambia! Miaka mitatu naambiwa mpira, mpira, mpira tu!"

Akafungua chupa. Kikombe cha kwanza alimpa mfupi, mimi nikangoja cha pili.

Tulifungwa siku ile, na wala sikujali. Nilikuwa na hofu moja tu. Mechi ilipokwisha nikamfuata mama kwenye benchi alilokuwa amekaa, nikainama mbele yake kama nilivyozoea, anipe radhi au aninyime.

"Simama," akasema.

Nikajua nimekataliwa. Hata hivyo nikasimama. Mama akavua viatu. Akanishika bega, akapanda juu ya lile benchi lililolowa mvua, soksi zikamlowa, na bado ilimbidi anyooshe mkono ndipo akifikie kichwa changu. Akauweka pale, akasoma dua yake taratibu, mbele ya Waaustralia wote.

"Nenda, mwanangu. Radhi zangu zote unazo," akasema. "Na huko wakikupiga picha, usiiname."